Mbwa aliyezungusha nyama asiyoila

Msikilizaji, wengi wetu tuliolelewa katika mwambao wa Afrika Mashariki tulikua tukijua kuwa mahali pa mbwa ni nje, na jikoni hapaswi hata kuchungulia. Ndiyo maana Mswahili anayehamia Uingereza hushangaa anapokaribishwa chakula na jirani na kumkuta mbwa amejilaza miguuni pa mpishi. Hudhani hayo ni mapenzi ya siku hizi. Ukweli ni kwamba mbwa aliingia katika jiko la Mwingereza karne nyingi zilizopita, na kilichomwingiza ni kazi.

Nyama ya kubanika ilikuwa fahari ya meza ya Mwingereza. Pande kubwa la ng'ombe lilichomekwa kwenye ufito wa chuma mbele ya moto, na ufito huo ulipaswa kuzungushwa kwa saa kadhaa bila kusita, la sivyo upande mmoja ungeungua na wa pili ungebaki mbichi. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto wa kiume, mtumishi wa chini kuliko wote jikoni. Kufikia karne ya 16 alikwishapatikana wa kumpokea. Mwaka 1570 tabibu John Caius alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu mbwa wa Uingereza, kilichofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1576. Humo anamtaja mbwa wa jikoni anayeingia ndani ya gurudumu na kulizungusha kwa uzito wa mwili wake, kwa ustadi ambao hakuna mtumishi anayeushinda.

Gurudumu hilo lilifungwa juu ukutani ili joto lisimzidi mbwa nguvu, nalo likaunganishwa na ufito kwa kamba au mnyororo. Mbwa wenyewe walikuwa wa namna yao: mwili mrefu, miguu mifupi iliyopinda. Katika kijiji cha Lacock, magharibi mwa Uingereza, gurudumu moja la aina hiyo limehifadhiwa katika nyumba ya wageni ya zamani iitwayo George Inn.

Je, mbwa huyo alifundishwaje? Inasimuliwa kwamba aliyekuwa mzito wa kuelewa alitupiwa kaa la moto ndani ya gurudumu, naye akawa hana budi kukimbia ili asiungue. Sijui kama hayo yanastahili kuitwa mafunzo. Wakati wote huo harufu ya nyama ilikuwa puani mwake, na nyama yenyewe haikuwa yake.

Wenye uwezo walifuga mbwa wawili, wakafanya kazi kwa zamu. Yasimuliwa pia kwamba mbwa hao waliijua zamu yao na kukataa kushika isiyo yao, na kwamba wengine walijificha mara tu walipoona matayarisho ya kubanika yameanza. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito. Mpishi alidhani anamtawala mnyama kwa hofu, kumbe mnyama alikuwa amekwisha kulisoma jiko zima: sauti ya chuma, kuni zinazoongezwa, hatua za mpishi. Akili hiyo haikuwa na njia ya kumfaa ila kumwonyesha wakati wa kukimbia.

Huruma haikuwa ndiyo iliyomtoa gurudumuni. Sheria ya mwaka 1835 dhidi ya ukatili kwa wanyama iliwataja mbwa pia, lakini wakati huo mitambo ilikuwa imekwishaanza kuchukua nafasi yao. Mingine iliendeshwa kwa uzito unaoshuka polepole kama wa saa ya ukutani, mingine kwa hewa moto inayopanda katika bomba la moshi. Baadaye majiko ya chuma yenye oveni yalienea, na ufito wenyewe ukakosa kazi. Karne ya 19 ilipomalizika, mbwa hao walikuwa wametoweka.

Jambo ambalo wapishi hao hawakulijali, sayansi ililichunguza baadaye. Nchini Urusi, Ivan Pavlov alionyesha jinsi mbwa anavyodondokwa na mate kwa ishara tu, kabla chakula hakijafika. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliandika katika jarida la Scientific American namna mtu wa kawaida anavyoweza kumfundisha mnyama: sauti fupi mara tu anapofanya jambo linalotakiwa, kisha kipande cha chakula.

Jirani yetu hufanya hivyo hivyo. Mbwa akibaki mkekani mpishi anapokata nyama, hutupiwa kipande pale pale alipo. Akiomba mezani hapewi kitu, kwani tonge moja la huruma humfundisha kuomba kesho pia. Kitunguu, zabibu na chokoleti hawekewi karibu, maana ni sumu kwake.

Katika jumba la makumbusho la Abergavenny, huko Wales, yupo mbwa mmoja wa gurudumu aliyekaushwa na kuhifadhiwa. Ni mdogo, miguu imepinda. Jina lake ni Whiskey.