Kura Tatu na Haki za Walio Wachache katika Tanganyika

Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, kila mpigaji kura alilazimika kuwachagua watu watatu pamoja: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Karatasi iliyokosa mmojawapo ilihesabiwa kuwa imeharibika. Waafrika walipita milioni 8, na Wazungu walikuwa 20,000 na kidogo tu. Hata hivyo viti viligawanywa sawasawa. Ndiyo hifadhi ambayo Serikali ya kikoloni iliona yafaa kuwapa walio wachache.

Wanachama wengi wa TANU walitaka uchaguzi huo ususiwe. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikata shauri kushiriki, na shauri hilo likaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda African National Congress. Matokeo yaliwashangaza waliobuni sheria: Mzungu na Mwasia nao walihitaji kura za Waafrika, hivyo walioshinda ni wale walioungwa mkono na TANU, kama Derek Bryceson na Amir Jamal. Viti vilikuwa vya walio wachache. Wachaguzi walikuwa walio wengi.

Jaribio lenyewe hasa lilikuja Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa Bungeni. TANU na wafuasi wake walikuwa wamevikalia karibu viti vyote. Baadhi ya wabunge, akiwamo Bwana Christopher Tumbo, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu, alishikilia kwamba uraia hufuata utii kwa nchi, si rangi ya mtu, akatangaza kuwa Serikali yake itajiuzulu muswada ukishindwa. Ukapita. Hakuna kiti cha akiba kilichowahi kuwapa walio wachache kinga kama hiyo.

Lakini kuna uchache mwingine, uchache wa rai, nao haukupata mtetezi wa namna hiyo. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962. Mwaka huohuo Mtemvu aligombea urais akapata kura 21,000 hivi, mbele ya zaidi ya 1,100,000 za Nyerere. Tumbo aliwekwa kizuizini mwaka 1964. Mwaka 1965 katiba iliruhusu chama kimoja tu, na vyama vingine havikuruhusiwa tena hata mwaka 1992.