Mafunzo ya shambani yawasaidia wakulima kukabili kayongo

MKULIMA wa mahindi eneo la Rongo, Kaunti ya Migori, aonapo maua ya zambarau yamechomoza shambani hujua mavuno yamekwisha kuguswa. Hilo ni gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi au mtama na kuinyonya, na sehemu kubwa ya madhara hutokea kabla halijaonekana juu ya udongo. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, zaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10.

Jibu lilipatikana katika kaunti jirani ya Homa Bay. Kwenye kituo cha utafiti cha ICIPE kilichoko Mbita, ufukoni mwa Ziwa Victoria, wataalamu walibuni mbinu ya ‘vuta-sukuma’ miaka ya 1990, wakishirikiana na taasisi ya KARI (sasa KALRO) na ile ya Rothamsted, Uingereza.

Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua; nepia huwavuta watage huko, ambako viwavi wengi hufa. Chini ya ardhi, kemikali za mizizi ya desmodiamu huotesha mbegu za kayongo lakini huzizuia kushika mahindi, nazo hufa njaa.

Kuyaeleza hayo barazani ni rahisi. Kuyatenda ndiko kugumu, na ndiyo maana mafunzo hufanyiwa shambani, jembe mkononi. Mbegu za desmodiamu huchanganywa na mchanga laini au mbolea ya fosfeti ili zienee sawasawa mferejini. Miche yake michanga hufanana na magugu, na asiyeonyeshwa huing'oa kwenye palizi ya kwanza, wiki 3 hivi baada ya kupanda, akapoteza msimu pamoja na pesa za mbegu. Msimu unaofuata jembe halifai kupita kwenye mistari ya desmodiamu, kwa kuwa mmea huo hudumu miaka mingi.

Waliofaulu hufundisha majirani, na majani hukatwa kulisha ng'ombe. Kwa maeneo ya ukame, nepia imebadilishwa kwa brakiaria, na desmodiamu ya awali kwa aina inayostahimili jua.

Anayekodi shamba kwa msimu mmoja, hata hivyo, hapati faida kubwa, kwani desmodiamu huhitaji muda kukomaa.