Baraza, Klabu na Marafiki wa Mji wa Unguja

Baraza ni kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, kulia na kushoto kwa mlango. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, vichochoro vingi vina mabaraza ya namna hii pande zote mbili, na mvua za masika zikifurika njiani wapita njia hupanda juu yake ili wasilowe miguu. Mwenye nyumba aliwapokea hapo wageni wake wa kiume bila kuwasumbua wanawake waliokuwa ndani. Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiugawa mji, nyumba zilikuwa za miti na udongo, na mabaraza yake vilevile yalikuwa ya udongo, lakini mazungumzo yake hayakupungua kitu.

Kila baraza lilikuwa na watu wake. Baada ya sala ya Alasiri, na tena baada ya Isha, wangekutwa walewale: fundi seremala, karani, mvuvi aliyekwisha kuuza samaki wake, mwalimu wa chuo, kijana aliyeruhusiwa kusikiliza mradi asiingilie maneno ya wakubwa. Muuza kahawa aliwafuata na dele lake la shaba lililokaa juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili ajulikane kuwa amefika. Kahawa ilikuwa chungu, nayo iliteremshwa kwa kashata au haluwa. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliyekuwa na senti chache aliweza kumnywesha mwenziwe, na kesho yake akanyweshwa yeye.

Katika michezo ya barazani, bao ndilo lililoheshimiwa zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa kwa safu nne, na kete 64, mara nyingi mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Katika hizo huanza na kumi ubaoni, sita zikiwa nyumbani, na 22 zikiwa mkononi. Hatua ya kwanza ni namua, ambapo kete za mkononi huingizwa mojamoja, na zikiisha mchezo unaingia katika mtaji. Mchezaji hodari huona mapema mahali kete zitakapoishia baada ya kuzunguka mara kadhaa, na hatakiwi kuzigusa ili kuzihesabu. Ustadi huo haukufundishwa darasani. Mtoto alisimama nyuma ya wachezaji miaka na miaka, akasikia watazamaji wakibishana juu ya kila kete, hadi siku moja mtu alipochoka na nafasi ikawa wazi. Ndivyo mambo mengine mengi ya mjini yalivyofunzwa, muziki ukiwa wa kwanza.

Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliwaleta wanamuziki kutoka Misri, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Ilipokuwa muziki wa sultani tu, walioufaidi walikuwa wachache. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1905, vijana wa mjini walipounda chama chao cha muziki, Nadi Ikhwani Safaa. Hawakuwa waajiriwa wa kasri. Walikuwa marafiki waliopenda kitu kimoja, wakachangishana fedha, wakaagiza ala kutoka nje na kuanza kujifunza udi, kanuni, fidla, nai, dumbaki na rika. Mwanzoni waliimba kwa Kiarabu, wakifuata mtindo wa Misri, na Kiswahili kikaja kushika nafasi yake baadaye.

Umuhimu wa jambo hili haupimwi kwa nyimbo peke yake. Chama cha marafiki kilikuwa na ada, zamu, viongozi na mahali pa kukutania. Aliyefiwa alizikiwa kwa msaada wa wenzake, na aliyeoa aliimbiwa. Mtu wa kawaida aliyekuwa akikaa barazani sasa alikuwa mwanachama wa kitu chenye jina, na jina hilo likaishi kuliko waliolianzisha.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari na mfano wa vyama vya namna hiyo. Beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride za kijeshi za Wazungu, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea hadi Tanganyika, ambako vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa miaka mingi. Wanachama walipeana vyeo vya majenerali na makanali, wakashona sare, wakasaidiana katika misiba. Mashindano yao yalikuwa makali, na ukali huo ndio uliowafunga wanachama pamoja.

Wanawake hawakuwa na nafasi barazani, lakini hawakukosa vikundi vyao. Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, na ushindani wa Banu Saada na Ibinaal Watan unakumbukwa katika historia ya mji huo. Unguja nako kulikuwa na vikundi vya wanawake vilivyojipa majina ya kijeshi kama Royal Navy na Royal Air Force, vilivyojibizana kwa nyimbo katika harusi na sherehe. Wanawake hao walikutana uani, wakakubaliana juu ya kanga ya sare, wakatunga maneno ya kuwachoma wapinzani. Kanga mpya ilipofika madukani, kujua jina lake na kuivaa mapema kulikuwa sehemu ya heshima ya mwanamke wa mjini. Wapo wanaoyaona mambo haya kuwa ya kupita tu. Ukweli ni kwamba kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe au mama yake alikuwa mtumwa kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja, kuchagua nguo yake, marafiki zake na wimbo wake lilikuwa jambo zito.

Historia hiyo yote inakutana katika maisha ya mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika familia ya watu wa chini waliotoka utumwani, na mwaka 1911 akahamia mjini. Mwandishi Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika kitabu cha wasifu. Pamoja na wenzake, akina Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, Siti aliunda kikundi kilichoimba kwa Kiswahili, na nyumba yake Ng'ambo ikawa mahali pa kukutania usiku. Walikuja wapiga ala, na walikuja pia majirani na marafiki waliotaka kusikia na kusikilizwa. Habari za mchana, kesi iliyoamuliwa kwa dhuluma, tajiri aliyefungwa, mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka, zilijadiliwa hapo na nyingine zikageuzwa nyimbo. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na sauti za Ng'ambo zikasikika kwenye gramafoni katika miji mingine ya Afrika Mashariki. Bila marafiki wale waliokesha nyumbani kwake, wakimpa habari na kuuonja wimbo kabla haujatoka, ni vigumu kuona nyimbo zile zingepata wapi ukali wake.

Magazeti nayo yaliingia barazani kwa njia ya masikio. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya Tanganyika, lakini wasomaji walilifanya lao kwa mashairi waliyotuma. Mshairi wa mji mmoja aliuliza, wa mji mwingine akajibu. Mtu mmoja mwenye kusoma vizuri aliwatosha wasikilizaji wengi, na ubishi juu ya mizani na vina uliendelea baada ya gazeti kukunjwa.

Mpira wa miguu ulifika kupitia wamisheni, mabaharia na watumishi wa Kiingereza. Wanafunzi wa chuo cha wamisheni wa UMCA kilichokuwa Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuucheza Unguja. Haukukaa sana mikononi mwa waalimu. Katika uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioko kati ya mji wa mawe na Ng'ambo, timu za mitaa zilianza kukutana, na kila timu ilikuwa na baraza lake nyuma. Waliokaa pamoja walichanga pesa za mpira na fulana, wazee wakawa washauri, na walioshindwa kucheza wakawa mahodari wa kuwaeleza wachezaji walikokosea. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Unguja ilikuwa imejiunga na mashindano ya Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni na kuzikutanisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Dar es Salaam ilifuata mkondo uleule: Young Africans iliyoundwa mwaka 1935, na klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba, zilikulia katika mitaa ya Kariakoo na jirani zake, kwa michango ya watu waliojuana kwa majina.

Sinema iliongeza kitu kingine, nacho ni udadisi wa dunia iliyo mbali. Jumba la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, na baadaye kukawa na majumba mengine. Filamu za Kihindi zilipendwa kuliko zote, hata na watu wasiojua neno la Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliwaliza wengi, na nyimbo zake ziliimbwa vichochoroni. Marafiki walikwenda kwa kundi, na aliyekosa tiketi hakuwa amekosa yote, kwa kuwa kesho yake filamu nzima ilisimuliwa barazani, pamoja na mapigano yake. Wanawake walipata maonyesho yao maalumu, na kwa wengi hiyo ilikuwa nafasi adimu ya kutoka nyumbani pamoja na mashoga zao.

Redio ilikuja karibu na wakati huo. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mwimbaji wa Misri Umm Kulthum alipoimba moja kwa moja kutoka Cairo, wapenzi wa muziki walikaa pamoja hadi usiku wa manane, kila kundi kwenye redio yake. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1954 redio ya Cairo ikaanza matangazo kwa Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni. Hapo muziki na siasa zikaanza kutoka katika kisanduku kimoja.

Zama za siasa ziliyapasua mabaraza. Chama cha Zanzibar Nationalist Party (ZNP) kiliundwa mwaka 1955 na Afro-Shirazi Party (ASP) mwaka 1957, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Baada yake watu walianza kugomea maduka, mabasi na hata mazishi ya wapinzani. Marafiki waliokunywa kahawa pamoja kwa miaka mingi walitengana, kila mmoja akahamia baraza la chama chake. Hasara hii haitajwi sana katika vitabu vinavyohesabu kura na viti, ingawa ndiyo iliyomgusa mtu wa kawaida mapema zaidi. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalivikuta vyama vya burudani vikiwa tayari vimeguswa na mgawanyiko huo, na serikali mpya ikaviweka chini ya uangalizi wake. Ikhwani Safaa ilipita katika kipindi hicho kwa jina la Malindi. Culture Musical Club, iliyochipuka mwaka 1958 kutoka katika kikundi kilichoitwa Shime Kuokoana, ilipewa uzito na serikali na kukua kuwa miongoni mwa vikundi vikubwa vya taarab visiwani.

Katika miaka ya 1970 televisheni ilifika Zanzibar kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake. Wachache walikuwa na seti nyumbani, kwa hiyo watu walitazama pamoja, na mabaraza kadhaa yakapata sababu mpya ya kukutana. Moja ya sehemu maarufu za kahawa katika Mji Mkongwe iliitwa Jaws Corner, kwa jina la filamu ya papa iliyotoka mwaka 1975. Mfumo wa vyama vingi vya siasa uliporudi mwaka 1992, mgawanyiko wa zamani ulirudi nao: Jaws Corner ikajulikana kuwa ya wapinzani, na maskani ya Kisonge, karibu na majumba ya Michenzani, ikawa ya chama tawala, CCM, ikiwa na ubao wa kuandikia maneno ya kuwachokoza wa upande wa pili.

Hata hivyo vyama vya muziki na mpira havikumezwa na siasa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mwaka 2005 Ikhwani Safaa ikatimiza miaka 100. Ilikuwa bado na wapiga ala wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi zao za mchana, na wanawake sasa wakiwa miongoni mwa waimbaji wa chama kilichoanzishwa na wanaume watupu.