Walevi Sita wa Baltimore na Wapika Pombe wa Turkana

Aprili 1840, walevi sita wa Baltimore, Marekani, waliapa kuacha pombe wakiwa ndani ya baa yao wenyewe. Wakawa wanakutana kila wiki, kila mmoja akisimulia alivyoharibikiwa. Wafuasi wakafika maelfu kwa maelfu. Siasa ikaingia, chama kikafa.

Mei 1935, mjini Akron, Marekani, wazo hilo lilirudi: mlevi Bill Wilson, aliyekuwa na miezi mitano bila kulewa, alimtafuta daktari mlevi, Bob Smith. Smith alikubali kumpa robo saa tu. Wakazungumza saa sita. Mawaidha Smith alishayasikia tele. Safari hii aliyeketi mbele yake alikuwa ameupitia ulevi mwenyewe. Hapo ikazaliwa Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, na mwaka 1953 waraibu wa dawa za kulevya wakaanzisha Narcotics Anonymous huko California.

Zanzibar, iliyoumizwa na heroini, ilianza kufungua soba hausi, nyumba za waraibu wanaoacha, mwaka 2009, zikiendeshwa na walioacha. Kwenye mikutano viti hupangwa duara, mtu hutaja jina lake, husema ni mraibu, na wenzake humwitikia. Mikutano yenyewe haina ada.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, mambo ni magumu zaidi. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, sehemu ya nafaka huishia kwenye pombe za kienyeji, busaa na chang'aa, na mpishi mara nyingi ni mama asiye na kipato kingine. Sheria ya vileo ya Kenya ya 2010 inasimamia leseni na chupa, lakini haimsaidii anayejaribu kuacha akiwa nyumbani. Kijana anayetoka kwenye matibabu anarudi boma lile lile, jungu la mama yake likichemka nyuma ya nyumba. Ukimwambia aepuke pombe, umemwambia aepuke kwao.

Ndiyo maana naona kikundi cha wanaoacha pamoja ni nusu nzima ya tiba, hasa Todonyang, mpakani na Ethiopia, mbali sana na hospitali ya Lodwar. Waturkana wana mti wa wanaume, wanapoketi wazee kuamua mambo. Mikutano inaweza kuanzia kivulini hapo, ila mama hana nafasi chini ya mti huo, awe mnywaji au mpishi. Awe na mkutano wake, na pamoja nao chama cha akiba na mtaji wa kuuza samaki au mikeka, kwa sababu akizima moto bila shilingi ya kesho, ataukoka tena wiki ijayo, na mwanawe atakuwa pale pale.