Kamituga: kampuni iliondoka, mji ukabaki

Sisi wa Fizi tukitaja dhahabu tunawaza Misisi. Lakini mji uliozaliwa na dhahabu kabisa ni Kamituga, kwa ndugu zetu Balega wa Mwenga. Ulijengwa na MGL, kampuni ya Wabelgiji: kambi za wafanyakazi, hospitali, mashule. Mwaka 1976 SOMINKI ikarithi. Mwaka 1997 ikavunjwa. Watu hawakuhama, waliingia mashimoni wenyewe. Mwezi wa 9 mwaka 2020 mvua ilifurisha mashimo, vijana kwa makumi wakafia humo. Wamama nao wanatwanga mawe kwa mkono, vumbi likiwaingia kifuani. Wanaitwa "twangaises": kutwanga kwetu kumeshonewa mkia wa Kifaransa! Malipo ni kidogo, ila ndiyo yanayolipa masomo ya watoto.