Ngoma ilidumu sababu gani?

Vijana wenzangu, shuleni tunaambiwa Waroma walidumu sababu ya jeshi. Sawa, lakini mwaka 212 waliwapa uraia karibu watu huru wote wa himaya. (Sisi wakimbizi tunajua uzito wa karatasi hiyo!)

Na hapa? Kutoka Mushasha, Gishora si mbali, kwenye ngoma za mfalme. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, pia ni ufalme. Ntare Rugamba alipanua nchi, akawagawia wanawe maeneo. Baadaye baganwa wakagombana wenyewe. Mimi naona walioishika nchi ni bashingantahe, wazee wa kila kilima, waliokata mashauri bila kungoja mfalme. Mwaka 1903 Mwezi Gisabo aliwakubali Wajerumani, 1966 ufalme ukafutwa. Bashingantahe bado wapo. Juzi ndio wametuamulia ugomvi wetu wa maji na majirani.