Kidole Gumba na Fokasi

Wapiga picha wanaokaa nyuma ya goli wana tabia moja ambayo mtazamaji wa jukwaani haioni. Kidole cha shahada kimetulia juu ya shata, hakifanyi kitu. Kidole gumba cha mkono huohuo ndicho kinachobonyeza kitufe kidogo mgongoni mwa kamera, na kitufe hicho ndicho kinachoweka fokasi. Shata inabaki na kazi moja tu, kupiga. Vijana wanaonijia kujifunza huniuliza kwa nini kazi inayowezwa na kidole kimoja igawiwe vidole viwili. Huwa nawajibu kwa historia, kwa sababu kuzitenganisha kazi hizo ndiyo desturi ya zamani. Kuziunganisha ndiko kulikoingia juzi.

Katika kamera za sahani za vioo, zile za studio za karne ya 19 kama ya A. C. Gomes pale Zanzibar, fokasi ilikuwa shughuli ya peke yake kabisa. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akamtazama mteja kwenye kioo chenye ukungu, kichwa chini miguu juu, akasogeza lenzi mpaka kope zikaonekana moja moja. Kisha aliifunika lenzi na kuchomeka sahani nyuma ya kamera, na tangu hapo hakuona tena chochote kupitia lenzi. Ilibidi mteja akae vilevile alivyoachwa.

Leica ilipoonyeshwa Leipzig mwaka 1925, kamera iliingia mfukoni, lakini umbali ulikuwa wa kukisia. Leica II ya 1932 ilileta kipima umbali kilichounganishwa na lenzi, na Nikon F ya 1959 ikawapa waandishi wa habari kioo cha kuonea kilekile inachokiona lenzi. Katika zote hizo mkono wa kushoto ulizungusha pete, wa kulia ukapiga. Mzee aliyenifundisha alikuwa na jicho la mita. Alikuwa akinisimamisha uani na kuniuliza mwembe uko umbali gani, kisha anapima kwa hatua zake. Naamini hakuna somo lililonifaa kuliko lile, hata leo ambapo lenzi zangu zote zina mota.

Kisha zikaja hizo mota. Kampuni ya Leitz ilionyesha mfano wa kamera inayojiwekea fokasi katika maonyesho ya Photokina, Cologne, mwaka 1976, lakini haikuufikisha sokoni. Mwaka uliofuata Konica wakauza C35 AF, kamera ndogo iliyotumia kifaa cha kampuni ya Honeywell ya Marekani. Pigo lenyewe lilikuja 1985 na Minolta 7000, ambayo mota yake ilikuwa ndani ya kamera na lenzi zake zilibadilishwa. Honeywell waliipeleka Minolta mahakamani kwa kutumia ugunduzi wao, na mwaka 1992 Minolta wakakubali kulipa dola milioni 127.5. Canon nao, mwaka 1987, walitoa EOS 650 yenye mota ndani ya kila lenzi. Kwa ajili hiyo waliacha kabisa mdomo wao wa zamani wa lenzi, na waliokuwa wamejaza mikoba kwa lenzi za FD walikasirika. Mimi nadhani Canon walifanya sawa.

Swali lililobaki lilikuwa dogo: nani aiambie mota ianze? Wabunifu walichagua kidole kilichokuwa tayari juu ya shata. Ukibonyeza nusu, kamera inapima mwanga na kutafuta fokasi; ukimalizia, inapiga. Kwa mtu anayepiga familia yake sebuleni, hiyo ni neema. Uwanjani ilileta shida, kwa sababu kila ulipotaka kupiga, kamera ilitaka kwanza kutafuta upya. Umeshamweka kipa sawasawa, mpira uko kwenye nukta ya penalti, unabonyeza, na mwamuzi anakatiza mbele yako. Lenzi inamfuata mwamuzi. Ukichagua hali ya kufunga fokasi, winga anayekimbia anakutoka, kwa kuwa fokasi imeganda pale alipokuwa. Ukichagua hali ya kufuatilia, haitulii hata unapotaka itulie. Na wakati unahangaika kubadilisha hali moja kwenda nyingine, krosi imeshapigwa.

Canon ndio waliofungua njia, mwaka 1989, katika EOS 630. Waliruhusu fokasi iondolewe kwenye shata na kupewa kitufe kingine. Katika EOS nyingi zilizofuata kilikuwa kile chenye alama ya nyota, palepale kidole gumba kinapotua, ambacho kazi yake ya kawaida ilikuwa kufunga kipimo cha mwanga. Mpangilio wenyewe ulikaa ndani ya orodha ya kazi za hiari, namba 4. Mimi niliambiwa na mwenzangu kando ya uwanja, naye alikuwa ameambiwa na mwingine.

Uzuri wake ni kwamba hali zile mbili zinakuwa moja. Unaiacha kamera kwenye kufuatilia muda wote. Winga akikimbia, shikilia kitufe, fokasi inakwenda naye. Penalti ikija, bonyeza mara moja kwa kipa na uachie; fokasi imefungwa, na hata waamuzi watatu wakatize, lenzi haitikisiki. Jicho halitoki kwenye kamera.

Nikon waliweka kitufe maalumu cha fokasi, AF-ON, kwenye F5 ya 1996. Canon wenyewe walichelewa. Kitufe chenye jina hilo walikipa EOS-1D Mark III na EOS 40D mwaka 2007, miaka 18 baada ya kuanzisha jambo lenyewe.

Siku hizi kamera zinatambua macho ya binadamu. EOS R3 ya 2021 hutazama hata jicho la mpiga picha ili ijue anaangalia wapi, wazo ambalo Canon walilijaribu katika EOS 5 ya filamu mwaka 1992. Naifurahia teknolojia hiyo na naitumia. Lakini bibi harusi akiingia ukumbini, mbele yake kuna wapambe, mashangazi wenye vigelegele, na jamaa walioinua simu juu, na kila mmoja ana macho mawili yanayoweza kutambuliwa. R3 bado ina AF-ON, nami huibonyeza anapofika kwenye mstari wa kapeti niliouchagua kabla hajaingia. Kisha naachia kidole gumba, na shangazi yeyote anayejitokeza kati yetu anapita bila kuichukua fokasi.